Ndege Isiyopiga Hodi

Kwa miaka sita nilipita juu ya Makambako bila kuitazama. Rubani hukaa kiti cha kushoto, na kwa njia niliyokuwa naifuata mji ulibaki mkono wa kushoto, chini kabisa ya dirisha langu: reli, stesheni, barabara zinazokutana, malori yamejipanga, na ng'ambo ya reli kishamba chenye mikaratusi minne ambako mama yangu amezikwa. Kila Alhamisi nilikuwa nageuza kichwa kulia, najifanya nasoma vipimo vya injini, nahesabu dakika tatu. Dakika tatu zinatosha kuupita mji wowote wa nyanda za juu.

Mtu akisikia neno rubani hufikiria kofia yenye nakshi za dhahabu na wahudumu wanaotabasamu. Mimi nilikuwa naendesha ndege ndogo kuukuu ya mizigo, injini mbili, viti vyote vya nyuma vimeng'olewa. Nilibeba dawa, vipuri, magazeti, na kila Alhamisi maboksi ya vifaranga wa siku moja kutoka Dodoma kwenda Songea. Angani nilikuwa peke yangu, na nikitua nilirudi kwenye chumba cha kupanga chenye sufuria moja na sahani mbili. Hiyo sahani ya pili sijui nilimnunulia nani. Wenzangu walinicheka kwa sababu sikupenda njia ya mkato inayopita juu ya bonde la Kilombero. Nilifuata barabara kuu, Iringa, Makambako, Njombe, kama dereva wa lori. Niliwaambia ni kwa ajili ya mawingu ya masika. Mawingu yalikuwepo kweli, lakini hayakuwa sababu yote. Nilikuwa napita kwetu kila wiki ili nisiangalie, na mtu hawezi kueleza jambo la kijinga namna hiyo.

Niseme na la mama, maana bila hilo yaliyobaki hayaeleweki. Baba alifariki nikiwa mdogo, na aliyenilea ni kaka yangu mkubwa, aliyenizidi miaka kumi na minne. Alinichukua Makambako kwa mama akanipeleka kwake Njombe, mtaa wa Ramadhani, nikasoma sekondari nikilala kwenye chumba cha nyuma ya kiduka chake. Mama alipofariki mimi nilikuwa kaskazini, narusha watalii. Nikapiga simu: nisubirini, nakuja na ndege. Wakasubiri siku moja. Kazi ikanibana, nikasema nisubirini tena. Wakasubiri ya pili. Siku ya tatu saa nne asubuhi wakazika, na mimi nikafika saa kumi jioni, kwa basi, udongo bado mbichi.

Badala ya kulia, niligomba. Mbele ya waombolezaji, mbele ya mchungaji, nilimuuliza kaka ana haki gani ya kumzika mama yangu bila mimi. Alisikiliza mpaka nikamaliza. Akasema, "Siku mbili tulikuwa tunatazama juu, mdogo wangu. Kila ngurumo tunasema ni yeye. Watu wazima, tunatazama juu."

Ningekaa kimya hapo mambo yangeisha. Lakini nina hasira za karibu, zimenigharimu vingi. Nikachukua begi langu nikaondoka, sikumwaga udongo kaburini, sikula chakula cha msiba, sikuaga. Kwetu anayeondoka msibani bila kula wala kuaga amesema neno zito kuliko tusi. Hakuna aliyenifuata. Tangu siku hiyo mimi na kaka hatukusemezana, na kila mwaka ulioongezeka ulifanya simu ya kwanza iwe ngumu zaidi kupigwa.

Alhamisi ninayoisimulia ilikuwa ya mwezi wa tatu, mvua zimekolea. Nilipita Mafinga saa tisa kasoro alasiri, chini ya anga safi kwa bahati, vifaranga wakilia nyuma yangu. Nilikuwa na tabia ya kuongea nao. Mtu akikaa peke yake muda mrefu huanza kuongea na chochote chenye sauti. Siku hiyo nilikuwa nawaeleza jinsi mwenye nyumba wangu anavyofunga maji kila Jumatano, na wao wakinijibu wote kwa pamoja, bila mpangilio.

Makambako ilikuwa inaanza kuingia kwenye dirisha, na mimi nimeshageuza kichwa kulia, ndege ilipojivuta kushoto. Haikulipuka, haikutoa moto. Wanaosubiri moto nawasikitikia. Ilikohoa mara mbili, mlio wa injini mbili ukawa mlio wa injini moja, na pua ikaanza kuvutwa upande kama punda anayevutwa sikio. Mguu wangu wa kulia ulikanyaga pedali wenyewe ili kuinyoosha. Wa kushoto haukuwa na kazi. Ndivyo tulivyofundishwa: mguu usio na kazi unakuonyesha upande wa injini iliyokufa. Na tulifundishwa pia kutoharakisha, maana wapo waliopaparika wakaizima injini iliyo hai wakabaki na maiti.

Nikaitazama injini ya kushoto, na ili kuitazama ilinibidi nigeuze kichwa kushoto. Propela ilikuwa inazungushwa na upepo tu, bure, mafuta ya injini yametambaa nyuma yake mstari mweusi. Na chini ya bawa, pale pale, mikaratusi minne. Mmoja ulikuwa umekatwa kilele. Sijui ulikatwa lini.

Sitaki mtu aniambie kwamba mama aliniita. Nimeshaambiwa hivyo na watu watatu na wote nimewakatiza. Bomba la mafuta lilipasuka kwa sababu ya uzee, na uzee haumwiti mtu.

Nikajaribu kuiwasha, ikakataa. Nikafunga mafuta yake, nikageuza mapanga ya propela yaelekeze makali mbele yaache kushindana na upepo, mpaka yakasimama. Panga lililosimama angani ni kitu kibaya kukitazama. Linaonekana waziwazi, na rangi yake, na mkwaruzo wake, wakati kwa kawaida halionekani kabisa.

Sasa tatizo. Watu husema ndege ya injini mbili ikifa moja inabaki nyingine, kwa hiyo hofu ya nini. Ingekuwa Dar es Salaam, usawa wa bahari, sawa. Lakini ardhi ya kwetu iko juu, hewa nyepesi, na ile ndege yenye mzigo, kwa injini moja, haikuweza kubaki juu. Ilikuwa inashuka polepole, kwa adabu, lakini inashuka, na mahali ambapo ingeacha kushuka palikuwa karibu sawa na vilele vya vilima vya Njombe. Nyuma, Mafinga niliyotoka kuipita ilikuwa imefunikwa na mawingu tayari. Magharibi, juu ya Wanging'ombe kuelekea bonde la Usangu ambako ardhi ni ya chini na ningepumua, mvua ilikuwa imesimama nyeusi kutoka juu mpaka chini. Mashariki ni magenge na ukungu. Chini yangu barabara kuu, lami nzuri, malori yamefuatana. Mbele, kusini, kulikuwa na mwanga, na ndani ya mwanga ule kulikuwa na kiwanja kidogo cha ndege cha Njombe.

Nikatangaza kwenye redio hali yangu na niendako. Sauti iliyonijibu ilikuwa mbali, ya kijana mtulivu, akasema amepokea, atajaribu kuwapigia watu wa Njombe. Baada ya dakika mbili akarudi: simu ya mwangalizi wa kiwanja inaita, haipokelewi. Akasema, "Tunaendelea kujaribu, rubani." Nikamshukuru. Kisha ukimya ukarudi, na vifaranga.

Hapa lazima nieleze kiwanja kile, maana hofu yangu haikuwa injini. Enzi hizo nasoma, kilikuwa katikati ya watu, udongo mwekundu na nyasi, na katikati yake kulikuwa na njia ya miguu. Wote tulipita pale: wanafunzi, akina mama wenye viazi, ng'ombe, baiskeli. Ndege zilikuja mara chache, na kila iliyokuja ilifanya jambo moja: inapita kwanza chini chini juu ya kiwanja, inanguruma, inapanda tena, inazunguka mji, ndipo inakuja kutua. Tulikuwa tunasema ndege inapiga hodi. Hodi ya kwanza hakuna aliyetoka uwanjani. Tulisimama pale pale njiani, tukapunga mikono, tukabishana ni ndege ya nani. Mama mwenye viazi alikuwa anatua mzigo ili atazame vizuri. Inapozunguka ndipo tunaanza kutoka, taratibu, maana tunajua tuna dakika tano. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yetu, haikuandikwa popote, na haikuwahi kumuua mtu.

Na mimi nisingeweza kupiga hodi. Kwa injini moja, kwenye hewa ile, ukishashuka na kutoa magurudumu huna nguvu ya kupanda tena. Unakwenda mara moja, unapokwenda ndipo unapofika. Nilikuwa nakwenda kuwafikia watu wanaonipungia mikono, wakisubiri nizunguke. Niliwaona kabisa wamesimama. Niliwajua, maana nilikuwa mmoja wao kwa miaka minne.

Nilihitaji mtu mmoja Njombe wa kuwaondoa. Nikaitoa simu mfukoni, mnara ulikuwa umeshika. Nimezaliwa mkoa ule, nimesoma mji ule, na nilipopekua kichwani nimpigie nani, alikuwepo mtu mmoja tu. Sijawahi kujisikia mpweke kama dakika ile, hata kwenye chumba changu, hata usiku wa Krismasi. Namba yake sikuwa nayo kwenye simu, niliifuta kwa hasira mwaka ule. Lakini vidole vilikuwa vinaijua.

Nikavua upande mmoja wa vipokea sauti, nikabana simu sikioni. Ikaita mara nne.

"Haloo."

"Shikamoo, kaka."

Nilidhani simu imekatika. Kisha, "Marahaba." Na nikajua anawaza nini: mtu aliyenyamaza miaka sita akipiga simu, kuna aliyekufa. Na kwetu habari ya kifo haitolewi kabla ya salamu kwisha. Mdogo hamkatizi mkubwa, na mkubwa haharakishi, kwa sababu ile salamu ndiyo inayompa mtu muda wa kukaa chini.

"Kaka, sikiliza, niko kwenye ndege..."

"Hujambo wewe?"

"Kaka, kuna tatizo..."

"Nasema hujambo wewe?" Alikuwa anaishikilia salamu kama mtu anayeshikilia mlango usifunguliwe.

Nikaelewa kwamba hatanisikia mpaka tumalize. Basi nikamjibu, mguu wa kulia umekufa ganzi kwenye pedali, mshale wa kimo unashuka. "Sijambo, kaka."

"Habari za huko?"

"Nzuri."

"Kazi?"

"Nzuri, kaka, ila injini moja imezimika. Niko juu, nimeiacha Makambako, nakuja kutua hapo kwenu. Sitazunguka. Nasema sitazunguka! Nakuja mara moja tu, sina hodi. Waondoe watu kiwanjani."

Nilimwambia kwa Kiswahili, kisha, kwa kuwa mngurumo ulikuwa mkubwa na sikujua amesikia nini, nikamwambia tena kwa Kibena, lugha ambayo sikuwa nimeitamka tangu mama azikwe. Ilitoka yenyewe, kwa kelele, kama ninavyoikumbuka ya mama akituita kutoka shambani.

Akasema, "Sawa." Simu ikakatika. Nikapiga tena, haikupatikana.

Nilibaki na hiyo sawa. Niliigeuza kila upande. Kaka yangu alikuwa na sawa za aina nyingi: sawa ya nimekuelewa, sawa ya nenda zako, sawa ya kumtoa dalali dukani. Siku ile msibani, nilipomaliza kugomba na kuinua begi, neno lake la mwisho lilikuwa hilo hilo. Na hata kama ni sawa nzuri, angefanya nini? Mzee wa zaidi ya miaka sitini, mzee wa kanisa, na dakika zisizozidi nane. Akipiga kelele pale uwanjani nani atamsikiliza? Watamwambia, mzee, tulia, bado haijapiga hodi.

Nikawaambia vifaranga wajiandae. Ulikuwa utani, na haukunichekesha.

Vilima vilianza kunipanda. Sijui namna nyingine ya kulisema: mimi ndiye niliyekuwa nashuka, lakini macho yaliona migongo ya vilima, mashamba ya chai, misitu ya misindano, vinainuka kunifuata. Injini ya kulia ilikuwa inafanya kazi ya mbili na joto lake lilikuwa linapanda. Sikugusa kitu. Nilishika kasi moja, nikaiomba ndege isifanye lolote jipya, na ikanisikiliza. Niliogopa. Wenzangu huwa wanasema wakati ule huna nafasi ya kuogopa. Mimi nilikuwa nayo, tena ya kutosha.

Mabati ya Njombe yalimetameta, kisha nikauona mstari mwekundu. Nilijiweka juu kuliko kawaida, maana ukiwa juu unaweza kujipunguza, ukiwa chini huna cha kuongeza. Nikauona na ule mstari mwembamba unaoukata katikati. Haukuwa umehama. Juu yake kulikuwa na madoa, na madoa yale yalikuwa yanatembea.

Nilitakiwa kuamua. Nikitoa magurudumu, nimekwisha, lazima nitue pale. Nisipoyatoa, ningeweza kuikwepa njia ile na kuitupa ndege kwenye majani nje ya kiwanja, kwenye bonde, na mimi ndani yake. Nilijipa mpaka paa la mwisho la bati. Nikasema kwa sauti, bila vifaranga wala yeyote kunijibu: nikifika bati lile wakiwa bado njiani, naenda bondeni. Nilikuwa nimeamua hivyo kweli. Nalisema hapa kwa sababu sijawahi kulisema mahali pengine.

Bati lilipofika, njia ilikuwa tupu.

Watu walikuwepo, wengi kuliko nilivyotegemea, lakini wamejipanga kandokando, mistari miwili, hawasogei. Hakuna aliyepunga mkono. Nikatoa magurudumu, nikapunguza nguvu ya injini, ndege ikazama, ikapiga udongo, ikaruka kidogo, ikapiga tena, ikakaa. Tope likaruka kwenye kioo. Nilikanyaga breki, nikapita katikati ya ile mistari miwili, na ndipo nilipoona jambo lililonishangaza kuliko yote ya siku ile. Wanaume walikuwa wamevua kofia. Wanawake wameshusha mizigo, mikono imefumbatwa, vichwa vimeinama. Mwenye baiskeli ameshuka, amesimama kando yake wima. Nilipita katikati yao kama jeneza.

Ndege ikasimama karibu kabisa na mwisho wa kiwanja. Nikazima injini iliyobaki. Vifaranga walikuwa wazima, wanalia kwa hasira. Nikanyoosha mkono kuufungua mlango, nikakuta unafunguliwa.

Aliyeufungua kwa nje alikuwa kaka. Alikuwa amezeeka. Nywele zimekwisha, koti lile lile la zamani la suti ya kahawia, na kwapani amebana tarumbeta lake la kanisani, lililobonyea ubavuni tangu mimi nasoma. Nyuma yake bodaboda aliyemleta alikuwa bado hajazima pikipiki. Tulitazamana.

Akachungulia ndani. "Umebeba nini?"

"Vifaranga."

"Wa siku ngapi?"

"Moja."

"Na baridi hii? Watakufa hao. Shuka tuwatoe."

Basi kazi ya kwanza ya mimi na kaka baada ya miaka sita ilikuwa kubeba maboksi. Wale watu waliovua kofia walivaa, wakaja kusaidia, na wote wakawa wananitazama kwa jicho la ajabu, kama nimewapunja kitu. Mama mmoja alimuuliza kaka, "Mzee, sasa msiba uko wapi?" Kaka akamwambia, "Umeahirishwa, mama. Shika boksi hili."

Sikuelewa mpaka jioni, mtaa wa Ramadhani, kwenye nyumba ile ile. Shemeji, mke wa kaka, alikuwa amewasha majiko mawili ya mkaa kwenye chumba changu cha zamani na kuyapanga maboksi kuyazunguka, milango imefungwa vizuri, dirisha limeachwa wazi kidogo. Hakuniuliza lolote. Alileta ugali, maharage na mboga ya maboga, akanawisha mikono yetu, akatoka. Nikawa nimekaa tu.

"Kula," kaka akasema. "Siku ile uliondoka hujala."

Nikala. Machozi yalinitoka nikitafuna, na sikuyafuta, na yeye alitazama sahani yake. Tulipofika katikati ya ugali ndipo akanisimulia. Simu ilipokatika alijua wazi kwamba akienda kupiga kelele watu hawatatoka. Alikuwa amewaona miaka arobaini. Ni jambo gani linalomtoa mtu wa Njombe njiani bila ubishi? Akalitwaa tarumbeta, akapanda bodaboda, akaingia kiwanjani taratibu anapiga ule wimbo tunaopeleka nao maiti makaburini. Hapo hata mlevi husogea. Walisogea wote, wakasimama kando, wakavua kofia, wakawa wanasubiri jeneza. Ngurumo ilipofika, wengine walitazama juu, lakini hakuna aliyerudi njiani. Nani anaikatiza njia ya maiti?

"Wakaniuliza, msiba wa nani," kaka akasema. "Nikawaambia, wa mdogo wangu. Yuko njiani."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa anafinyanga tonge lile lile muda mrefu.

"Mimi ni mzee wa kanisa, sijazoea kudanganya. Lakini pale napiga, nakutazama unavyokuja, bawa moja limelala, sikujua kama nadanganya."

Nililala sebuleni, vifaranga wakilia ukutani kwa upande wa pili. Asubuhi wakaondoka na gari la mboga kwenda Songea, wamekufa wachache, na fundi wa ndege akapiga simu kwamba atafika kesho yake. Nilikuwa na siku nzima. Kaka alikuwa ameshavaa koti la kahawia.

Tulipanda gari la saa mbili kwenda Makambako. Tuliketi viti jirani, tarumbeta magotini mwake, tukaongea habari za bei ya parachichi na mchungaji mpya. Kwenye kishamba cha mama nilihesabu mikaratusi mitatu na nusu ya wa nne. Radi iliupiga, kaka akasema, mwaka juzi. Kaburi lilikuwa limejengewa saruji, safi, na maua ya plastiki ndani ya mtungi. Hapakuwa na pa kumwaga udongo. Nikasimama pale na mikono yangu.

"Jana sikuumaliza ule wimbo," kaka akasema. "Ulipotokea niliukatia njiani."

Akalifuta tarumbeta kwa mkono wa koti, akaupiga wimbo ule wote, beti zote, polepole, mahali pengine pumzi ikimwishia. Nilivua kofia. Treni ya mizigo ilipita ng'ambo na yeye hakuacha. Alipomaliza niliinama kando ya kaburi, nikachota udongo kwa mkono wa kulia, nikaumwaga juu ya saruji. Upepo wa Makambako mnaujua. Uliupeperusha wote kabla sijasimama vizuri, ikabaki saruji tupu.

Nikamtazama kaka.

"Chota mwingine," akasema. "Hatuna haraka."